Moshi wa Zombe, Hewa ya Kalamba

Nyumbani kwa Mama Ndunge,
Kalamba, Makueni.
9 Agosti 2025

Mpendwa wifi yangu Kalunde,

Nakusalimu kutoka katikati ya ukungu. Ni asubuhi hapa, ng'ombe wa jirani analia na simwoni, ni sauti tu inayotembea ndani ya weupe. Hujambo huko Edmonton? Najua saa hizi kwenu ni majira ya jua, lakini kila nikikufikiria nakuona umevaa lile koti zito la kwenye picha. Goti lako linaendeleaje, lile uliloteguka kwenye barafu? Na wale wazee unaowatunza, bado wanakunyima usingizi na hadithi zao? Usituambie "niko sawa" kama ilivyo desturi yako. Sisi tunataka kujua kama goti limepona au wewe ndiwe umelizoea.

Huku tu wazima kwa neema ya Mungu. Mtoto wetu Katunge amefunga shule na amenipita kimo, akisimama mlangoni nyumba inaingia giza. Mama yangu anapiga chafya kwa sababu ya manyunyu, lakini anakula na anagombana na kuku, kwa hivyo tunajua ni mzima. Machungwa yameiva. Ukipita shambani asubuhi hii, unaona taa ndogo ndogo za rangi ya dhahabu zikining'inia ndani ya ukungu, bila mti, bila tawi, kana kwamba kuna mtu amezisahau zikiwaka.

Utashangaa kupata barua wakati simu ziko. Wifi, simu yetu haina siri. Kila ukipiga, ndugu yako Kiema anaiweka mezani na kuongeza sauti ili kila mtu akusikie, hata hao kuku. Ndiyo maana siku ile uliponiuliza, "Muthoki, kifua cha ndugu yangu kikoje?" nilikujibu kwamba anaendelea, na wewe ukanyamaza, nikajua hukuniamini. Sasa nimekaa na kalamu. Nitakuambia yote polepole, kwa maana mwisho wa habari hii kuna ombi, na ombi halieleweki kwa mtu asiyejua lilikotoka.

Wewe uliondoka kabla hatujahamia Zombe, basi nianzie hapo. Kwenu Matinyani watu huvuta, lakini kwa kiasi: mzee nyuma ya ghala, fundi akimaliza kazi yake. Zombe ni ulimwengu mwingine. Siku ya mnada, jua likianza kupanda, ulikuwa ukitazama uwanja wa mifugo unaona mawingu mawili juu yake. Moja lilikuwa vumbi jekundu la ng'ombe. La pili lilikuwa la kibuluu, na hilo lilikuwa la watu. Yalikutana na kuchanganyika, na mimi nikiwa na birika langu la chai pale pembeni, nilikuwa nikiona mji wote umenyanyuka kidogo kutoka ardhini, unaelea, na watu na mbuzi na malori ndani yake.

Huko sigara ni mkono wa salamu. Bei ya ndume ikikaribia, mwenye kuuza na mwenye kununua hunyamaza. Mmoja huwasha sigara, huvuta, humpa mwenzake. Mwenzake akiipokea, wamekubaliana. Akiikataa, maneno yanaanza upya. Mwanamume asiyevuta husimama pale kama mtu aliyekuja kwenye harusi bila kualikwa. Ndugu yako alijifunza hapo, na aliyemfundisha ni Nuhu, mfanyabiashara mwenzake, mtu mwema kabisa. Nuhu ndiye aliyetupangishia nyumba, ndiye aliyembeba Katunge mgongoni tulipomkimbiza kliniki na mto umejaa. Sikuweza kumchukia Nuhu. Moshi nao ulikuja pamoja na wema wake, na mtu hawezi kupokea kimoja akakirudisha kingine.

Halafu kifua kikaanza. Mwanzo ilikuwa kikohozi cha asubuhi, kama mtu anayesafisha koo ili aongee, ila maneno hayaji. Siku moja fahali alikata kamba, Kiema akamfuata hadi kwenye vibanda, na hapo akakaa chini. Alikaa tu, katikati ya njia, mikono magotini, midomo imekuwa ya rangi ya majivu. Kule hospitali ya Kitui daktari alimwambia mirija yake ya hewa inakakamaa, na kwamba kilichoharibika hakitarudi, lakini kilichobaki kinaweza kulindwa. "Sigara iishe leo," akasema.

Alijaribu, wifi. Usifikiri hakujaribu. Aliacha kila Jumatatu, na kila siku ya mnada akaanza tena. Jioni moja alikaa kwenye kizingiti, nikamwona anazungusha kiberiti kisichowashwa katika vidole vyake.

"Muthoki," akaniambia, "nikiacha sigara nitaongea na nani?"

Nilitaka kumwambia, na mimi je? Lakini nilimwelewa. Alikuwa akiuliza swali la kweli.

Wakati huohuo habari zikaja kutoka kwetu Kalamba. Unajua baba yangu alikwisha kufariki, na mama alikuwa amebaki peke yake na shamba la michungwa. Akaanguka akivuna, akavunjika nyonga. Ndugu zangu wako mbali. Kiema mwenyewe ndiye aliyesema twende, msimu mmoja tu, mpaka mama asimame.

Wewe ni Mkamba, sina haja ya kukueleza hayo yalikuwa na uzito gani. Mwanamume kwenda kuishi kwa wakwe zake! Kuna ile nthoni, ile aibu ya heshima kati ya mtu na mama mkwe wake: asikae alipokaa, asimtazame usoni, wakikutana njiani mmoja apishe kwenye majani. Tukampa Kiema chumba cha upande wa pili, karibu na ghala. Mama akawa akizungumza naye kupitia kwangu hata wakiwa hatua chache tu kutoka kwa kila mmoja. "Mwambie mume wako maji yako motoni." "Mwambie mama nimesikia." Nami katikati, kama daraja linalokanyagwa pande zote mbili.

Tulifika michungwa ikiwa imechanua. Sijui kama unaikumbuka harufu ile. Inaingia chumbani kabla yako, inakaa kitandani, inakufuata ndotoni. Kiema alisimama shambani asubuhi ya kwanza, akavuta pumzi, akakohoa, akavuta tena, kama mtu anayejaribu kukumbuka jina. Nami nikaona jambo ambalo sikuwa nimelifikiria nilipokuwa msichana hapa: hakuna mtu anayevuta. Ukipanda kutoka kwa fundi wa baiskeli hadi kanisani, husikii harufu ya tumbaku. Sokoni kuna duka linalouza, lakini mwenye duka huzificha sigara chini ya mkebe wa misumari, na mnunuzi huzitaja kwa sauti ya chini kama anayenunua dawa ya panya. Nchi ni moja, kabila ni moja, lugha ni moja. Ni safari ya kutwa tu kati ya Zombe na Kalamba, na nilihisi kama tumehama kutoka chini ya maji hadi nchi kavu.

Kiema hakuacha. Lakini alipunguza. Alikuwa akishuka chini kabisa mwa shamba, kwenye kijito kilichokauka, anavuta peke yake akiwa amechuchumaa, kisha anatafuna jani la mchungwa na kurudi. "Sigara ya peke yako ni chungu," aliniambia siku moja, kwa mshangao. Asubuhi nikiamka naona uzi mwembamba wa kibuluu unapanda polepole juu ya miti, unajikunja, unapotea. Mama naye alikuwa akikaa mlangoni na fimbo yake akitazama upande huohuo. "Ukungu wa leo umechelewa kuondoka kule chini," alikuwa akisema. Nami najibu, "Ndiyo, mwaitu," bila kumtazama.

Basi mwezi wa pili akaja binti mmoja anaitwa Yvonne, amebeba simu kubwa ya kazi na mwavuli. Yeye na wenzake walikuwa wametumwa kuzunguka Kitui na Makueni, nyumba kwa nyumba, kuuliza watu wazima juu ya tumbaku. Mama alikuwa kwenye mkeka anachambua kunde, mimi nikimsaidia. Yvonne alisalimia vizuri, akamwita mama susu, yaani bibi, akapewa kigoda na uji.

"Kwa hii boma," akauliza, "kuna mtu mzima anavuta sigara?"

Mama akajibu kabla yangu. "Hapa ni kwa watu wa kanisa."

"Nimesikia, susu. Lakini nikuambie ukweli, mimi nimetoka upande wa Zombe wiki iliyopita. Pale mnadani wanaume walikuwa wananijibu na moshi unatoka mdomoni. Hapa tangu asubuhi ni hapana, hapana, hapana. Wakubwa wangu wataona, watasema nililala kwa nyumba ya mtu nikajijazia."

"Waambie hapa watu wanamwogopa Mungu."

Yvonne akacheka kidogo, kwa adabu. "Na huko hawamwogopi, susu? Wengine niliwapata wakitoka kuswali, wengine wakitoka kanisa kama lenu. Ni wazuri tu. Lakini huko ukivuta uko na wenzako. Hapa ukivuta uko na aibu. Mimi naona ni hivyo." Kisha akanigeukia. "Na wewe mama, unasemaje? Kuna mtu?"

Wifi, nilipima pande zote mbili. Nikisema ndiyo, nimemvua nguo mume wangu mbele ya mama mkwe wake. Nikisema hapana, ninamfunika na uongo, na chini ya uongo huo anaendelea kukosa pumzi. Nilitazama kunde zikianguka kutoka vidole vya mama, moja moja, na ilionekana kwangu kwamba zinachukua muda mrefu mno kufika kwenye ungo.

"Andika mmoja."

Ilikuwa sauti ya Kiema. Alikuwa amesimama pembeni mwa ghala na ndoo mkononi, mahali ambapo hajawahi kusimama mama akiwa nje. "Andika mmoja," akasema tena. "Ni mimi."

Mama alivuta leso akajifunika uso, kama inavyopasa. Yvonne alikuwa ameinua kidole juu ya ile simu na hakukishusha. Nikasikia upepo ukipita ndani ya michungwa, ukaenda, ukarudi.

Kisha kutoka ndani ya leso mama akasema, "Andika wawili."

Akafungua fundo la leso yake pale kiunoni, akatoa kikopo kidogo, kile cha mafuta ya kupaka, kimechakaa mpaka rangi imetoka. Ulikuwa ugoro, wifi. Ule tunaouita mbaki. Mama yangu, anayeongoza sala ya akina mama, ananusa mbaki!

"Nanusa tangu nikiwa na mimba ya huyu," akasema, akininyooshea kidole kana kwamba kosa ni langu.

Yvonne aliitazama simu yake. "Susu, ya kunusa iko na swali lake. Sio hili la sigara."

"Basi nenda kwa hilo swali. Lakini usiniache nje. Na zile nyumba umetoka, rudi uulize hilo la pili. Uulize wanawake wazee, na uwaulize wakiwa peke yao."

Nilicheka mpaka nikalia, na sikujua ni wakati gani kicheko kiligeuka. Yvonne alipokwenda, akirudi kweli kwenye nyumba za nyuma, Kiema alikuwa bado amesimama na ndoo yake tupu.

"Muthoki," mama akasema, uso bado ndani ya leso, "muulize mume wako, mimi nikiacha yangu, yeye ataacha yake?"

"Mwambie mama," akasema Kiema, "nitaacha. Lakini mimi sijiamini na ile pakiti."

"Mwambie hata mimi sijiamini na hiki kikopo."

Basi wakafanya hivi. Mama alimpa Kiema kikopo chake akiweke mfukoni mwa koti lake. Kiema akampa mama pakiti yake, naye mama akaifunga kwenye fundo la leso. Mkono wangu ndio uliobeba vitu vyote viwili, maana wao hawakuweza kupokezana. Ukitaka chako, sharti ukiombe kwa mwenzako. Hebu fikiria, wifi. Ni Mkamba gani atamwendea mama mkwe amwambie, "Nipe sigara"? Na ni mama mkwe gani atamwambia mkwe wake, "Leta huo ugoro"? Ile nthoni ambayo ilikuwa imetutesa miezi yote ikageuka kuwa kufuli.

Siku zilizofuata sitaki kuzikumbuka sana. Mama aliumwa na kichwa, akanichapa kwa maneno kwa sababu chumvi imezidi, kesho yake kwa sababu imepungua. Kiema alichimba mashimo. Hakuna aliyemtuma. Alichimba mashimo ya miche ambayo hatukuwa nayo, mstari baada ya mstari, na alikuwa akisimama katikati ya mashimo yale na jasho linamtoka, akitazama mbali, kama mtu aliyeitwa na mtu asiyemjua. Alikohoa zaidi ya zamani. Daktari alikuwa ametuonya kwamba ataanza kwa kukohoa, lakini kujua ni kitu kimoja, kusikia ni kingine.

Alasiri moja nilikuwa sokoni. Haya niliambiwa baadaye, na wote wawili, kila mmoja kwa namna yake. Kiema alishindwa. Alikuja hadi mlango wa mama, akasimama. Hakubisha. Mama alikuwa ndani, akaona kivuli chake sakafuni na akajua. Walikaa hivyo, yeye ndani, yule nje, na kivuli katikati yao. Mwisho mama akasema kwa sauti, "Mwambie mume wako chai iko tayari."

Na hakukuwa na mtu wa kuambiwa. Nilikuwa sokoni! Kiema akajibu, "Mwambie mama naja." Halafu wote wawili wakasikia walichokifanya. Mama anasema alicheka kwanza. Kiema anasema ni yeye. Niliporudi niliwakuta wamekaa kila mmoja na kikombe chake, mama mlangoni, yeye kwenye ngazi, wakizungumza juu ya wadudu wa machungwa kana kwamba wamezungumza hivyo maisha yao yote. Nilisimama nje ya ua na kikapu changu kichwani, nikaogopa kuingia, nisije nikawaamsha.

Masika yakaja, miti ikajaa matunda, na Nuhu akapiga simu. Ng'ombe wamenenepa, mnada umerudi, wanunuzi wanatoka mbali. "Kiema, utakaa kwa wakwe mpaka lini?" Nikaona jinsi swali lile lilivyomwingia. Tukaenda mwezi wa sita, mimi na yeye, tukamwacha mama na jirani.

Siku ya kwanza alisimama imara. Muuzaji mmoja alimnyooshea sigara ili wafunge bei ya ndume mwekundu, Kiema akampa mkono mtupu. Yule mtu akatatizika. "Sasa wewe umekataa bei?"

"Bei nimekubali," akasema Kiema. "Ni kifua kimekataa."

Nuhu akaichukua ile sigara haraka, akaivuta kwa niaba yake, watu wakacheka, biashara ikaenda. Niliona fahari. Lakini baadaye nikamwona Kiema amesimama peke yake mahali moshi umeshika sana, amefumba macho, anavuta pumzi polepole kama mtu anayepita karibu na jiko la mama yake. Nikajua kwamba mji mzima ule mdogo unaingia ndani yake.

Siku ya pili nikamkuta nyuma ya malori, yeye na Nuhu, na mkononi mwake inawaka. Hakuificha. Nuhu ndiye aliyeona haya, akaondoka akisema anatafuta kamba.

"Hapa siwezi," Kiema akaniambia. "Nimejaribu, Muthoki, umeniona. Hapa hata nisipovuta, navuta. Nikisimama na watu nawapenda, na nikiwapenda nachukua wanachonipa." Akaitazama ile sigara kwa huzuni sana, bila hasira. "Turudi."

"Nyumbani Matinyani?"

"Kwa mama," akasema. Na alikuwa akimaanisha mama yangu.

Tulipofika hakungoja hata kunywa maji. Akaenda moja kwa moja alipokuwa amekaa. "Mama, nilivunja. Zombe nilivuta."

Mama akaendelea kupanga maharagwe kwenye ungo ambayo yalikuwa yamekwisha kupangwa. "Lile koti lako," akasema hatimaye, "ulilisahau kwenye msumari."

Kiema akaenda kutazama. Kikopo kilikuwa kitupu.

Wakaanza upya, wifi, wote wawili wakiwa wameshindwa, na nadhani hiyo ilikuwa rahisi zaidi kuliko kuanza kila mmoja akijifanya shujaa. Safari hii kikopo na pakiti vilienda chooni, kwenye shimo, na mama akavisindikiza kwa maneno ya Kikamba ambayo siwezi kuyaandika kwenye barua ya heshima. Hajanusa tena. Kiema naye hajavuta tena. Nasema "tena" na nagusa meza.

Sasa nikujibu swali lako la simu. Kifua chake hakijapona na daktari wa mji wa Wote anasema hakitapona chote. Akipanda mlima husimama. Manyunyu yakizidi hukohoa. Lakini juzi niliamka kukipambazuka na nikashtuka, kwa maana nyumba ilikuwa kimya. Miaka yote nimelala kando ya ile sauti yake, kama mlango unaosugua sakafu. Sikuisikia. Nikamwekea mkono mgongoni nikiwa nimejaa hofu, nikakuta mgongo unapanda na kushuka, unapanda na kushuka, taratibu, kama wa mtoto. Nilibaki hivyo mpaka dirisha likawa jeupe. Sikuwa na neno la kusali. Nilihesabu hiyo kuwa sala.

Ombi letu ni hili. Mama ametupa sehemu ya chini ya shamba, tujenge. Kiema anataka kuuza machungwa na mbuzi kutoka hapa, na Nuhu amekubali kumletea wanyama hadi Wote, yeye asifike mnadani. Lakini baba mdogo Mbaluka, pale Matinyani, amekataa. Alitupigia akasema mwanamume anayejenga kwa wakwe amemeza jina lake, na kwamba watu wanauliza kama Kiema ameolewa. Sijamkasirikia, anasema walichomfundisha. Mwishowe akasema, "Kalunde ndiye mkubwa wao. Tangu mama yao alale, neno la nyumba ile liko naye. Akisema ndiyo, mimi nitakuja mwenyewe na mbuzi wa kubariki."

Kwa hivyo ni wewe, wifi. Wewe ulimlea ndugu yako kwa mkono, ulimfunga mgongoni ukienda kuteka maji, unajua jina lake linabeba nini. Nilimuuliza nikuandikie nini kutoka kwake. Akasema: "Mwambie dada sijahama ukoo. Makaburi yetu yako Matinyani na mimi nitalala hapo. Lakini kabla ya kulala nataka kupumua."

Ukisema hapana, tutarudi Matinyani na hatutakulaumu. Nasema hivyo na ni kweli. Mawe ya msingi yako pale chini, yamerundikwa. Kiema hajagusa hata moja. Lakini asubuhi anashuka huko na chai yake, na mama anamfuata na fimbo, wanakaa juu ya mawe hayo wakibishana mlango utazame upande gani.

Wasalimie wenzako wote wa kazini, hasa yule dada wa Kisii anayekupikia ugali siku za theluji. Katunge anakusalimu na anasema umtumie picha ya mto ulioganda, marafiki zake hawaamini. Mama Ndunge anakusalimu kwa heshima kubwa, anasema dada wa mtoto wake ni mtoto wake. Nuhu anakusalimu, kila akipiga anauliza habari za "yule wa Kanada". Baba mdogo Mbaluka naye anakusalimu, na anangoja.

Mungu akupe miguu isiyoteleza na kazi isiyokuchosha moyo. Akupe usingizi mzuri katika nchi hiyo ya baridi, na siku moja akurudishe kwetu ungali na nguvu za kucheka.

Ni mimi wako nikupendaye, mke wa ndugu yako na dada yako pia,

Muthoki